Mpime kwanza, dawa baadaye

Hapa Tandahimba nyumba nyingi zenye mikorosho zina mizani ya kuning'iniza, na msimu ukiisha inawekwa tu. Yangu haipumziki. Nafuga mbuzi, na kwangu hakuna mbuzi anayenyweshwa dawa ya minyoo kabla hajapimwa. Naifunga mizani kwenye tawi la mwembe, mbuzi namwingiza kwenye gunia nililolitoboa matundu manne ya miguu, akitulia nasoma kilo, natoa uzito wa gunia. Kuna beberu ambaye kila aliyemwona alisema kilo 25. Mizani ilisema 34.

Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu dawa huhesabiwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mwili. Ukimpa pungufu, minyoo dhaifu inakufa, sugu inabaki na kuzaana, na mwishowe dawa ile ile haifui dafu zizi zima. Tena mbuzi si kondoo: mwili wake huiondoa albendazole, dawa ya minyoo, haraka zaidi, kwa hiyo kipimo cha kondoo mara nyingi hakimtoshi. Muulize mtaalamu wa mifugo kiwango cha mbuzi, na umwambie kama mbuzi ana mimba, maana mimba ikiwa changa dawa hiyo haifai.

Sasa watoto. Kwenye duka la dawa muhimu utaulizwa, "Ana umri gani?" Jibu, kisha taja na kilo zake bila kusubiri kuulizwa. Watoto wawili wa miaka mitatu, mmoja kilo 14 na mwenzake kilo 16, hawali dawa mseto ya malaria sawa: chini ya kilo 15 ni kidonge kimoja kila mkupuo, kuanzia 15 hadi chini ya 25 ni viwili. Kama kadi ya kliniki ina uzito wa miezi mingi iliyopita, mpimeni upya hapo hapo zahanati.

Paracetamol ya maji ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa saa 24. Wa kilo 12 anahitaji 120 hadi 180. Chupa nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, lakini zipo zenye 250, na kijiko kile kile kinakuwa dozi maradufu. Soma lebo kila unaponunua, na upime kwa kikombe cha dawa au bomba lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Dawa hii ikizidi inaharibu ini.

Hata kingatiba ya matende na mabusha hufuata hesabu hiyo hiyo. Ile fimbo yenye alama unayosimamishwa nayo inapima urefu badala ya uzito, kwa kuwa kubeba mizani kijiji kizima ni kazi.

Ila paka usimpe paracetamol kabisa, hata ukijua kilo zake. Ini lake haliwezi kuivunja, na kipande kidogo tu kinaweza kumuua.