Sakafu ya mninga inanata na ina duara jeupe: je, nipige msasa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tumehamia nyumba ya marehemu mama mkwe hapa Tanga, nyumba ya zamani. Sebule na chumba kimoja vina sakafu ya vibao vidogo vya mninga vilivyopangwa kama mkeka. Binti anayenisaidia kazi anapiga deki kila asubuhi kwa maji, sabuni ya unga na dawa ya klorini kidogo. Siku hizi sakafu imefubaa, inanata miguuni, na mahali ilipokaa ndoo pamebaki duara jeupe. Karibu na mlango wa bafu vibao vitatu vimenyanyuka. Fundi aliyekuja anasema tupige msasa nyumba nzima halafu vanishi, na bei yake imenitoa jasho. Ndiyo njia pekee?

JIBU: Za kazi ni njema, mama. Huyo fundi mwambie asubiri kwanza. Kwa dalili ulizotaja, mninga wenyewe huenda hauna shida yoyote. Kilichochoka ni kile kilichopakwa juu yake.

Sakafu ya mbao haisafishwi mbao, husafishwa ngozi yake, na kwenye nyumba za umri huo ngozi ni moja kati ya mbili: vanishi au nta, hii tunayoiita polishi. Tiba ya moja ni sumu kwa nyingine, kwa hiyo usinunue kitu dukani kabla hujajua unayo ipi. Chagua pembe iliyojificha nyuma ya kabati. Kwaruza kidogo kwa ukucha: nta hujikusanya chini ya ukucha kama sabuni, vanishi haitoki. Kisha lowesha kitambaa cheupe kwa tapentaini na usugue mahali hapo. Kikirudi na rangi ya kahawia na sakafu ikabaki kavu isiyo na mng'ao, ni nta. Mimi nimeshaamini ni nta hata kabla hujajaribu, kwa sababu ya lile duara. Nta ikikaliwa na maji hunyonya unyevu na kugeuka nyeupe. Na kule kunata ni polishi ya miaka mingi iliyopakwa juu ya polishi, ikachanganyika na sabuni isiyosuuzwa.

Hapo ndipo ushauri wa kupiga vanishi juu unapoponza watu. Naliongea hili kwa uchungu maana limenikuta. Nikiwa bado kijana nilipewa chumba kimoja, nikaosha sakafu kwa sabuni, nikaiona safi, nikapiga vanishi mikono miwili. Wiki nzima haikukauka vizuri. Ilipokauka ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Vanishi haishiki juu ya nta, hata ikiwa nta imebaki kidogo tu ndani ya vinyweleo vya mbao. Nilirudia kazi yote kwa fedha yangu.

Basi itoe nta ya zamani. Fungua madirisha yote, zima jiko na kila chenye moto, vaa glavu. Fanya eneo la kama mita moja ya mraba kwa wakati: paka tapentaini, iache dakika chache ilainishe, sugua kwa stilwaya ile laini kabisa ya maseremala kufuata mistari ya mbao, kisha futa mara moja kwa kitambaa kikavu kabla haijakauka. Ya kusugulia masufuria iache jikoni, itakuachia mikwaruzo ya kudumu. Badilisha vitambaa mara kwa mara, la sivyo unahamisha uchafu kutoka kibao kimoja kwenda kingine. Vitambaa vilivyotumika vitandaze nje vikauke, usivifinyange vikawa donge kwenye ndoo. Hasa ukija kutumia mafuta ya kitani (linseed, ya kupaka mbao) siku nyingine: tambara lenye mafuta hayo likikunjwa hujipasha joto lenyewe mpaka likawaka. Nyumba zimeungua hivyo.

Duara jeupe litaondoka pamoja na nta. Likibaki doa jeusi, hilo ni jambo jingine, maji yameshaingia kwenye mbao zenyewe, na hapo msasa wa mkono kwenye kibao hicho kimoja unatosha.

Sakafu ikishakauka siku nzima, paka nta mpya nyembamba sana. Nyembamba. Iache kama nusu saa halafu ing'arishe kwa blanketi kuukuu. Watu wakiona haing'ai wanaongeza nta, kumbe mng'ao unatokana na kusugua. Na tafadhali usipake mafuta ya nazi, hata kama bibi alikuwa akipaka. Siku ya kwanza sakafu inapendeza kweli, lakini mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Yanabaki kushika vumbi, na mwezi ujao utaniandikia tena kwamba inanata.

Kuhusu msasa wa mashine: vibao hivyo mara nyingi ni vyembamba, kama milimita 10 hivi au pungufu, na kila mashine inapopita inakula sehemu ambayo hairudi. Uhifadhi kwa siku ambayo sakafu imechimbika kweli. Siku hiyo ikifika, waliomo ndani watoke na fundi avae barakoa, maana vumbi la mninga huwasha pua na kifua.

Deki ya kila asubuhi ikome. Fagia kwa ufagio laini au mopa kavu, basi. Adui wenu hapo Tanga ni mchanga: chembe zake ni ngumu kuliko nta na kuliko vanishi yoyote, na kila kandambili inayopita inazikanyagia sakafuni kama msasa. Weka zulia la miguu nje ya mlango na jingine ndani, na bandika vipande vya kitambaa kinene chini ya miguu ya viti. Panapochafuka, pitisha kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi tone, kisha kikavu. Sabuni ya unga na klorini zibaki chooni. Binti asilaumiwe, amefanya kile kinachofaa kabisa kwenye saruji na vigae.

Vile vibao vitatu usivigongelee misumari. Mninga unasifika kwa kutojikunja ovyo, kwa hiyo ukinyanyuka ujue unakunywa maji kutoka mahali. Tafuta bomba linalovuja au maji yanayopita chini ya mlango wa bafu, zibeni kwanza. Kisha vitoe vibao, vipange kivulini vikiwa na uzito juu, vikauke polepole hata wiki mbili, kwani jua litavipinda. Ukikuta chini yake gundi nyeusi ya lami, usiikwangue wala kuipiga msasa ikiwa kavu, kwa sababu baadhi ya gundi hizo za zamani zilichanganywa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Iache ilivyo, ubandike juu yake kwa gundi ya sakafu ya mbao, uweke uzito usiku kucha.

Kabla ya kubandika geuza kila kibao uangalie mgongo wake. Ukiona vitundu vidogo na unga laini unaodondoka, au njia za udongo za mchwa, weka tapentaini pembeni na umwite kwanza mtu wa dawa ya wadudu.