Mdogo Akidhulumiwa: Maswali Yenu Kuhusu Matabaka ya Kale

Tumefundishwa kuwa sheria ya Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale, ilikuwa "jicho kwa jicho". Je, si usawa huo? (Mwanafunzi, kidato cha tatu, Morogoro)

Ungekuwa usawa kama macho yote yangekuwa na thamani moja. Nguzo ya jiwe jeusi yenye sheria hizo, ndefu kuliko mtu mrefu, iko Paris katika makumbusho ya Louvre. Soma vifungu vya 196 hadi 199. *Awilum*, yaani muungwana, akimpofua muungwana mwenzake, naye hupofuliwa. Akimpofua *mushkenum*, mtu huru wa hali ya chini, analipa mina moja ya fedha, kama nusu kilo hivi. Akimpofua mtumwa wa mtu, analipa nusu ya bei ya mtumwa huyo, kama aliyevunja chombo cha jirani.

Neno "muungwana" nimelichagua makusudi. Pwani yetu nako lilimaanisha mtu huru, si mtwana, kabla halijawa neno la adabu. Ndiyo maana nikilinganisha jamii za kale sianzi na vyeo vya wakubwa. Nauliza kwanza: mdogo akidhulumiwa, kinafuata nini?

Piramidi zilijengwa na watumwa? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, si kama filamu zinavyoonyesha. Kuanzia mwaka 1990 wanaakiolojia walifukua makaburi ya wajenzi hapo hapo Giza, Misri, chini ya kivuli cha piramidi, na karibu yake wakakuta makazi yenye tanuri za mikate na mifupa mingi ya ng'ombe. Mtu asiyehesabiwa hazikwi jirani na mfalme. Lakini msidhani ilikuwa kazi ya hiari: wengi waliitwa kwa zamu, na mifupa yao inaonyesha migongo iliyochakaa kwa kubeba mizigo.

Watu wa chini waliwahi kukataa? (Fundi ujenzi, Dodoma)

Walikataa, tena mafundi wenzako. Kijiji cha Deir el-Medina, ng'ambo ya Nili ukitokea Luxor, kilikaliwa na waliochonga na kupaka rangi makaburi ya mafarao. Walilipwa nafaka. Kwa mwezi fundi alipata magunia 4 ya ngano na 1½ ya shayiri, na msimamizi wake ngano magunia 5½, shayiri 2. Hebu tazama udogo wa pengo hilo.

Mwaka wa 29 wa utawala wa Farao Ramesses III, katika miaka ya 1150 KK, posho ikachelewa. Siku 18 za mwezi zilikwisha kupita. Wakaacha kazi, wakapita vizuizi vya makaburini, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu. Walipoulizwa, walisema wameletwa pale na njaa na kiu: hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki, hawana mboga, na Farao apelekewe habari. Yote yaliandikwa kwenye mafunjo ambayo leo yapo Turin, Italia. Wakapewa posho ya mwezi uliopita. Baadaye ikachelewa tena, nao wakatoka tena.

Je, kuna ustaarabu wa kale usiokuwa na mfalme? (Msomaji, Kigali)

Angalia Mohenjo-daro, mji wa kale katika Pakistani ya leo. Kuna mitaa iliyonyooka, mifereji ya majitaka na bwawa kubwa la kuogea, lakini hakuna jengo linalotambulika wazi kuwa kasri. Maandishi yao bado hayajasomeka.

Na wanawake? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Nikurudishe Deir el-Medina, kama miaka 10 hivi baada ya mgomo. Bibi mmoja, Naunakhte, alisimama mbele ya baraza la kijiji kutoa wasia. Alianza hivi: yeye ni mwanamke huru wa nchi ya Farao. Amelea watoto 8, akawapa kila kinachostahili watu wa hali yao. Sasa amezeeka, na wapo wasiomtunza. Basi aliyemsaidia atapata, asiyemsaidia hatapata kitu katika mali yake. Mali yake mwenyewe, si ya mume. Baraza likasikiliza, mwandishi akaandika, na wengine wakakatwa mirathi. Mwanawe mmoja aliyemjali kuliko wenzake akapewa, juu ya fungu lake, bakuli la shaba la kunawia.