Bibi, pini ya kumi na ule uongo wa presha

Wiki hii mmeuliza mzee gani wa familia yenu alikuwa na kipaji ambacho hata majirani hawakukijua. Nimesoma majibu ya wenzangu, wengi mnataja mababu wapiga ngoma na mama wakubwa waliojua dawa za miti, sawa kabisa, ila wangu mimi ni bibi mzaa mama, Mnubi wa Bombo, msuka makawa, mama wa watoto saba, na alikuwa anacheza bolingi. Ndio, bolingi, ile ya kuviringisha boli zito kwenye sakafu ya mbao unaangusha pini kumi kule mwisho. Msicheke kwanza.

Wasioijua Bombo, ni kama kilomita 35 hivi kutoka Kampala kwenye barabara ya Gulu, mji wa kambi ya jeshi, na Wanubi tupo pale tangu enzi za mkoloni. Kiswahili kwetu kilikuwa cha nyumbani miaka mingi kabla baraza la mawaziri la Uganda halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, haya mambo mengine yanachelewa tu kufika mjini. 1979 Amin alipoanguka Bibi alikimbia na watoto sita mpaka Sudan, wa saba akazaliwa hukohuko, wakarudi baadaye wakakuta nyumba haina mabati. Hilo nalitaja tu mjue ni mtu wa aina gani, yeye mwenyewe ukimuuliza alikuwa anasema "tulitembea sana" halafu anakuuliza kama umekula.

Bolingi ilianza 2007, mwaka wa CHOGM, ule mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, wakati Kampala inapakwa rangi kila kona. Siku ya Idd mjomba mkubwa akatubeba wajukuu wote kwenda Garden City pale Yusuf Lule Road, wakati huo palikuwa na bolingi. Bibi alikuja kutulinda tu, kazi yake kukaa na viatu vyetu na pochi za watu. Binamu yangu mdogo akachoka akasema Bibi nimalizie. Bibi akainuka na gurbaba yake, ile nguo ya kujifunga ya wanawake wa Kinubi, akaikunja vizuri kiunoni, akarusha, boli likaenda gata, ule mfereji wa pembeni, halikugusa pini. Akarusha tena, gata ya upande wa pili. Hakusema neno. Njia nzima ya kurudi, tangu Kawempe mpaka Matugga, alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama umemtukana mbele za watu.

Wiki mbili baadaye akaanza kuwa na presha. Kila Jumanne anaomba nauli aende Kampala kupima, anapanda teksi asubuhi na mapema anarudi alasiri amechoka lakini uso unang'aa, na mama yangu akawa anatuma hela na dua juu. Miezi mitano! Mpaka siku moja mama mdogo anafua nguo akakuta karatasi mfukoni, akadhani ni ya dawa, kusoma kumbe imeandikwa gemu mbili na kukodi viatu. Kikao cha familia kikaitwa, wajomba wamekunja sura, Bibi akawasikiliza mpaka wakamaliza halafu akauliza, "Na presha si imeshuka?"

Basi ikaisha hivyo, akawa anaenda kwa ruhusa, na mimi niliyekuwa nimemaliza senior four, yaani kidato cha nne, niko nyumbani tu nikapewa kazi ya kumsindikiza. Ndio maana najua.

Watu wanadhani bolingi ni nguvu. Wale vijana wa leni, ile njia ya mbao ya boli, ya pembeni walikuwa wanavuta boli zito kabisa, wanakimbia, wanarusha mpaka linadunda, pini zinaruka, makofi, halafu raundi inayofuata gata. Bibi alichukua boli la paundi kumi, la rangi ya chungwa, alilipenda kwa sababu matundu yake hayakumbana vidole, vidole vya kusuka makawa miaka hamsini si vidole vya mchezo. Hatua nne, anazihesabu kwa Kinubi kimoyomoyo midomo ikicheza. Na hakuwa anaangalia pini kabisa. Leni ina urefu wa mita 18 na kitu, karibu nawe kwenye mbao kuna mishale saba imechorwa, yeye jicho lake liko kwenye mshale wa pili kutoka kulia, boli likipita pale juu yake basi ameshageuka anarudi kukaa, anasikia kwa masikio zimeanguka ngapi.

Na alikuwa hapendi sana straiki, ile ya kuangusha zote kumi kwa boli la kwanza! Alikuwa na daftari la kurasa 48, lile la watoto wa shule, anaandika kila gemu. Siku moja akanikalisha anifundishe hesabu ambayo mwalimu wangu hakuwahi kuniingizia kichwani, akasema ukipiga tisa halafu ukaisafisha ile moja iliyobaki, kila fremu, yaani kila zamu kati ya zile kumi za gemu, vivyo hivyo, na ile boli ya nyongeza ya mwisho nayo ukapata tisa, unafika 190 bila straiki hata moja, kwa sababu kila speya, yaani kuzimaliza kwa boli la pili, ni kumi na unaongezewa boli linalofuata. Sasa wewe kijana wa straiki mbili na gata nne una ngapi? Nina 110, Bibi. Haya, kanunue chai. Na straiki tatu mfululizo Wazungu wanaita bata mzinga, kusikia hivyo aliuliza yuko wapi apikwe.

Adui yake alikuwa pini ya kumi, ile ya kona ya kulia kabisa, kwa mtu wa mkono wa kulia hiyo ndiyo inayobaki imesimama hata boli likipita vizuri. Alimwita Mkwe. "Tazama, Mkwe kabaki, anangoja kusalimiwa." Halafu anahama mpaka kushoto kabisa na kulipeleka boli mshazari, leni nzima, taratibu, unadhani halitafika. Linafika.

Ila nikimkumbuka Bibi kichwani nakuwa naiona siku ya wajomba. Walikuwa hawasemeshani karibu mwaka, ni mambo ya kipande cha shamba, siingii huko. Wazee wa msikiti walijaribu, imamu alijaribu. Bibi akawaambia nipelekeni Kampala wote wawili, nina miadi. Kufika akawalipia gemu moja, si mbili, moja ya watu wawili, mkubwa anarusha boli la kwanza, mdogo anasafisha pini zinazobaki. Yeye akakaa nyuma na chai yake. Mwanzo kimya, kila mtu anarusha anageuka. Fremu ya nne mjomba mdogo akashindwa kuvumilia akasema kwa sauti, kaka unaniachia pini mbili mbalimbali kila saa, nifanyeje mimi? Mkubwa akajibu, wewe mwenyewe huoni unavyosimama. Wakaanza kubishana pale mbele ya pini, mikono inaonyesha, mmoja anamshika mwenzake bega anamgeuza, mishale, miguu, kila kitu. Walipata 94. Shamba halikuisha siku ile, lilichukua mwaka mwingine, lakini kurudi Bombo walipanda kiti kimoja kwenye teksi na walikuwa bado wanabishana kuhusu fremu ya saba.

Mashindano madogo ya wikendi aliingia, akachukua kikombe mara mbili kwa wanawake, wa umri wake hakuwepo hata mmoja. Kawaida yake 150, 160. Kubwa kabisa aliyoandika ni 203, amepiga mstari chini yake mara tatu mpaka karatasi imetoboka. Baada ya kikombe cha kwanza akanunua viatu vyake mwenyewe, alivikuta soko la Owino, Kampala, kwenye mitumba, muuzaji hajui ni viatu vya nini akamwachia kwa bei ya ndala. Bibi alivigeuza akapapasa soli, cha kushoto laini kinateleza, cha kulia kina raba kinashika, akanikonyeza.

2020 lokdauni ikafunga kila kitu, tukampangia chupa kumi za maji zenye mchanga uani na mpira wa watoto, akacheza siku mbili akasema huu ni ujinga. 2021 akaondoka, na ni presha, ya kweli safari hii. Tulimzika siku hiyohiyo kabla ya alasiri.

Daftari ninalo mimi. Vikombe viko kwa mjomba mkubwa, kimoja kina funguo. Viatu vilimtosha mama mdogo, anavivaa kulisha kuku, na uani kwetu ni saruji, kila asubuhi mguu wa kushoto unamkimbia anashika ukuta. Tumemwambia ataanguka. Hasikii.