Maswali ya Gari: Sensa tatu zimebadilishwa na taa bado inawaka

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina BMW 320i ya 2003, bodi ya E46, niliagiza Japan, imetembea kilomita 96,000 tu. Miezi minne iliyopita taa ya cheki injini iliwaka, fundi akachomeka mashine akasema sensa ya oksijeni imekufa, nikanunua Kariakoo, siku tatu taa ikarudi, akasema ni ile ya pili nikanunua, halafu akasema ni sensa ya hewa nikanunua na hiyo. Laki saba na nusu imeshaenda na asubuhi gari bado inatetemeka ikiwa sailensa, yaani imewashwa bila kukanyaga mafuta. Juzi tena kwenye foleni ya Ubungo mshale wa joto ukapanda ghafla, nikazima. Sasa fundi anataka atoe thamostati, ile valvu inayozuia kulanti (maji ya kupoza) isizunguke mpaka injini ipate joto, anasema nchi yetu ya joto haihitajiki. Ndugu wananiambia niuze ninunue Toyota IST. Fundi mwaminifu wa gari za Kijerumani hapa Dar nampata wapi?
Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka pole sana. Usiuze kwanza, na thamostati isitolewe. Ngoja nianze na joto maana taa ya cheki injini inaweza kusubiri wiki, joto haliwezi kusubiri hata safari moja ya kwenda dukani.

Ule mshale wa E46 umetengenezwa ukae katikati tu, injini ikiwa nyuzi 75 hivi mpaka kama 110 wenyewe hausogei, kwahiyo siku unauona umehama kwenda kulia ujue injini imeshachemka zamani na wewe ndo unapewa taarifa. Injini yako ni M54, silinda sita, hedi aluminiamu na bloku aluminiamu. Ikichemka vizuri hedi inapinda, na kibaya zaidi nyuzi za bolti za hedi kule kwenye bloku zinang'oka, hapo hata ukachonge hedi ukaweka gasketi mpya inarudi kuvuja. Kwahiyo gari ilale hapo ilipo mpaka mfumo wa kupoza ukaguliwe, ikibidi ivutwe.

Najua utasema mbona kilomita ni chache. Ni kweli ni chache, lakini plastiki na mpira haviangalii kilomita peke yake, vinaangalia miaka, na vimepashwa moto na kupoa mara ngapi. Tanki la kulanti ni plastiki, shingo ya rejeta plastiki, nyumba ya thamostati plastiki, mpaka ile skrubu ya kutolea hewa ni plastiki, na vyote hivyo kama havijaguswa vina zaidi ya miaka 20. Ushauri wangu ni ubadilishe kwa mkupuo: tanki na kifuniko chake, wota pampu, thamostati, mpira wa juu na wa chini, na mkanda ukiwa umechoka. Rejeta yenyewe ikaguliwe shingoni. Nimeona watu wengi wanabadilisha kimoja kimoja, tanki jipya linapata presha nzuri halafu mpira wa zamani unapasuka mwezi unaofuata, unalipa ufundi mara tatu. Na kwa sababu ilikuchemkia kwenye foleni, feni ya umeme ipimwe, washa AC gari ikiwa imesimama uone kama inazunguka.

Kulanti usiweke maji ya bomba, ni kulanti nusu na maji yaliyosafishwa (distilled, siyo yale ya betri yenye asidi) nusu, injini yako inachukua kama lita 8. Wakati wa kujaza angalia fundi anavyotoa hewa: switchi iwe imewashwa bila kuwasha injini, hita iwekwe kwenye joto la mwisho, feni ya ndani iwe ndogo kabisa, skrubu ya hewa ifunguliwe, anajaza taratibu mpaka mapovu yaishe. Fundi akijaza tu akafunga akakwambia twende barabarani, huyo hajui hii gari.

Thamostati sasa. Ya kwako inasimamiwa na kompyuta na kawaida inafungua karibu na nyuzi 97, injini imepangiwa kufanya kazi kwenye joto hilo. Ukiitoa, injini inashinda ya baridi, kompyuta inadhani ndo kwanza gari imewashwa asubuhi inaongeza mafuta, inakunywa petroli bure, na kile kilichokuchemshia bado kipo palepale.

Tuje kwenye taa. Hukuniandikia namba za hitilafu, na nadhani fundi hakukupa. Mdai. Kwa dalili zako mimi ningebashiri P0171 na P0174, na zikiwa hizo maana yake kompyuta inalalamika kwamba hewa ni nyingi mno kwa mafuta yaliyopo, pande zote mbili za injini. Haijasema sensa imekufa! Sensa ndo iliyotoa taarifa. Ni sawa na mlinzi amepuliza filimbi usiku kwamba kuna mwizi, asubuhi wewe unamfukuza mlinzi, unaajiri mwingine naye anapuliza filimbi, unamfukuza tena. Mwizi yupo ndani muda wote. Kwenye M54 mwizi mara nyingi ni ule mpira wa hewa wenye mikunjo kati ya sensa ya hewa na throtli (mlango wa hewa wa injini), unapasuka upande wa chini ambako huoni mpaka uutoe uukunjue. Au valvu ya kupumulia injini na mipira yake, nayo ikizeeka inakuwa kama biskuti. Injini inavuta hewa pembeni ambayo haijapimwa, ndo maana asubuhi inatetemeka. Tafuta gereji yenye mashine ya moshi, wanapuliza moshi kwenye njia ya hewa halafu mnatazama wote wawili unatokea wapi, utauona kwa macho yako. Hapo ndo ununue spea.

Na hapa ndo nafika kwenye swali lako la fundi, na naomba unielewe vizuri kwa sababu hili jambo linaniuma. Sisi wateja tuna kosa moja kubwa, hatutaki kulipia kupima. Fundi akitumia saa mbili kutafuta tatizo, akalipata ni mpira wa elfu thelathini, tunampa elfu tano ya soda na maneno mengi. Akifunga sensa ya laki tatu tunamlipa ufundi bila kinyongo na duka linampa chake. Sasa kijana ana watoto, unategemea atachagua njia gani? Kwahiyo ukienda kwa fundi mpya mwambie tangu mwanzo, nakulipa hela ya kupima, kiasi fulani, hata kama hatununui kitu chochote leo. Utashangaa mazungumzo yanavyobadilika. Wa kweli atafurahi, na asiyejua kupima ataanza kukwepa palepale, ataanza kukutajia spea kabla hajafungua boneti.

Kumpata, uliza wenye gari kama yako, siyo BMW yoyote, E46 yenye injini hiyohiyo, uliza nani ameenda kwake zaidi ya mara moja. Nenda gereji siku ya kazi ukae nusu saa. Kama magari ya Kijerumani pale yana vumbi na tairi zimeisha upepo, yamekuja hayajaondoka, rudi nyumbani. Halafu usimpe kazi kubwa kwanza, mpe kumwaga oili, maana hiyo kazi ndogo inaonyesha mambo mengi. Kifuniko cha filta cha injini yako kinafunguliwa kwa soketi ya 36, akija na nyundo na bisibisi umeshapata jibu. Abadilishe oringi (mpira wa duara) kubwa ya kifuniko na washa ya bolti ya chini, aweke lita 6.5, na pale juu ya kifuniko chenyewe pameandikwa 25 Nm, yaani nguvu ya kukaza, mwangalie anakaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu hiyo) au kwa hasira. Oili ichague kwa maandishi ya nyuma ya kopo, yaandikwe BMW Longlife-01, usikubali 20W-50, oili nzito ya dumu.

Spea nunua mwenyewe au muwe wote. Mpe muuzaji herufi na namba 7 za mwisho za chesisi, atapata namba kamili ya spea yako, maana E46 mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana. Siyo lazima boksi la BMW, majina kama Behr, Mann, Lemförder, Sachs na Bosch ndo hao hao wanaotengenezea viwanda vya Ujerumani, ila na yenyewe yanaigwa kwahiyo ukiona bei imeshuka mno jiulize. Na spea ya zamani urudishiwe mkononi. Miaka ya nyuma niliwahi kulipia wota pampu kwenye gereji moja, nikaomba ile mbovu wakasema imetupwa, baadae fundi mwingine akafungua akakuta ya zamani bado imefungwa. Tangu siku hiyo naondoka na chuma changu hata kama kinachafua buti.

SWALI: Hujambo ndugu. Niko Mombasa, nina Mercedes C200 Kompressor W203 ya 2004. Ikipata joto inakwama kwa gia ya pili, nikizima na kuwasha inaenda sawa kidogo halafu inarudi. Makanika wawili wamesema ninunue gia boksi nzima. Nifanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Usinunue gia boksi bado. Hiyo ya kukwama gia ya pili ni gari inajilinda, kompyuta ya gia imeona kitu haikielewi. Kwenye gia boksi hizi za otomatiki aina ya 722.6 kuna plagi ya nyaya ubavuni, oringi zake zikizeeka oili inavuja na inapanda ndani ya waya taratibu kama mafuta kwenye utambi mpaka kwenye kompyuta yenyewe. Mwambie makanika achomoe plagi kwenye kompyuta ya gia mbele yako. Ukikuta imelowa oili, anza na plagi, safisheni kila kitu, halafu mpime tena. Ikiwa kavu, kinachofuata kushukiwa ni ile bamba ya umeme yenye sensa za mwendo ndani ya gia boksi, ambayo ni spea peke yake na inabadilishwa bila kushusha gia boksi. Kiwango cha oili nacho kipimwe, gari hii haiji na kijiti, makanika anayeijua anacho chake na anapima oili ikiwa nyuzi 80. Muulize hilo tu, umwone anajibu vipi.

SWALI: Shikamoo anko. Marehemu baba alituachia Mercedes 230E ya 1990, W124. Imekaa nje ya nyumba mwaka mzima, nataka iwe yangu. Inawaka lakini sailensa inapanda na kushuka inazima, na taa ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) haizimi. Kila fundi anasema nitoe injini niweke ya Toyota. Wengine hata hawaongei na mimi, wanamuuliza kaka yangu, na gari ni langu. Roho inaniuma kulitoa moyo gari la baba.
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Fundi asiyeongea na mwenye gari usimpe ufunguo, hilo halina mjadala.

Injini usitoe. Namba yake iko kwenye kadi ya gari, ukibadilisha unaanza na mambo ya karatasi, halafu gia boksi, nyaya, na mita vyote vinahitaji kuunganishwa upya na mtu anayebahatisha. Sailensa mbovu pamoja na taa ya ABS kwa wakati mmoja kwenye W124 inanielekeza sehemu moja, rilei ya kuzuia umeme kuzidi. Iko nyuma ya betri, ina kifuniko cha plastiki juu na fyuzi ndani yake. Fungua uitazame fyuzi. Ikiwa nzima, rilei yenyewe inaweza kuwa imepasuka risasi ya kuunganishia nyaya kwa ndani, fundi wa redio akiifungua ataiona na anaweza kuichomea kwa kazi ya nusu saa, ila mpya ni bora. Petroli iliyokaa mwaka mzima imwagwe yote, filta ya mafuta ibadilishwe, na mipira midogo ya hewa inayozunguka injini ibonywe mmoja mmoja, mgumu unaovunjika utolewe.

Hii gari haina pa kuchomekea mashine za kisasa, kwahiyo vijana wengi wanaiogopa. Tafuta fundi mtu mzima aliyezishika Mercedes zikiwa bado mpya. Waulize madereva wastaafu wa serikali hapo Tanga, na wazee waliofanya kazi na baba yako, yeye mwenyewe alikuwa anaipeleka kwa mtu fulani, na huyo mtu huenda bado anaikumbuka. Ukimpata niandikie, nataka kujua kama imetulia.