Jibu: Nimwamsheje mume wangu anapopiga kelele usingizini?

Dadangu, kama ulivyoeleza, mumeo mstaafu wa jeshi alikukaba mkono ulipomtikisa usiku. Usimguse tena akiwa ndotoni. Simama miguuni mwa kitanda, mbali na mikono yake, washa taa, umwite jina kwa sauti ya kawaida: "Uko nyumbani, Likoni, ni mimi." Rudia polepole mpaka akujibu. Ukimshika bega, mwili hupigana kabla akili haijatambua ni wewe; si kwamba amekuchukia. Akishaamka mpe maji, usimhoji. Na lile panga la chini ya mto litoke leo leo.

Muguka wa jioni, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha mwili, ndio adui mkubwa, ingawa wanaume wa huku hawapendi kuambiwa. Hukata usingizi, na asiyelala vizuri ndoto humzidi. Kama hawezi kuacha, asitafune baada ya adhuhuri. Pombe ya "kuleta usingizi" nayo huuvuruga usiku wa manane.

Fataki za Diwali na mwaka mpya mkumbushe mapema, mlio wake usimshtue kama wa vitani. Hotelini mwachie kiti cha ukutani kinachotazama mlango, aone anayeingia na atulie. Hali hii ikipita mwezi, aonwe na daktari wa afya ya akili.