Saa uliyobonyeza na saa uliyochoma sindano

Mtarajali anayeanza kazi siku hizi katika hospitali za kufundishia za Nyanda za Juu Kusini anakuta wodi iliyohama nusu. Oda za dawa na vipimo ziko kwenye kompyuta, chati ya dawa bado inaning'inia miguuni mwa kitanda, patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua) ni karatasi, na habari nzito kuliko zote iko kichwani mwa sista anayevaa sweta kuondoka. Miezi 12 ya mafunzo kwa vitendo ni mifupi. Wengi wanaimalizia kwenye hofu ya thieta na maswali ya bingwa kwenye raundi, kumbe mgonjwa anapotelea kwingine: ile nusu saa ya asubuhi na ile nusu saa ya usiku ambapo zamu moja inatoka na nyingine inaingia.

Makala haya yanahusu nusu saa hizo mbili, na namna mfumo wa kompyuta ulivyozibadilisha.

Tuanze na kosa linalojirudia kuliko yote. Dawa imechomwa saa 10:30 jioni. Wodi ilikuwa imejaa, kompyuta iko moja na ina foleni, kwa hiyo aliyechoma akakaa kuandika saa 1:10 usiku. Mfumo hauna habari na sindano. Unaujua mkono ulio kwenye kibodi. Unapiga muhuri wa 19:10. Anayeingia zamu anafungua, anaona 19:10, anahesabu saa 4 mbele na kuipanga dozi ijayo saa 5:10 usiku. Ilitakiwa saa 2:30. Kwa kidonge cha tumbo hilo halina neno. Kwa mama mwenye kifafa cha mimba (eklampsia), saa 2 na dakika 40 bila magneziamu, ile "magnesi" inayozuia degedege, ni muda wa kutosha kupata degedege jingine.

Tiba ya kosa hili ni ndogo na inaudhi: sentensi ya kwanza ya kila unachoandika iwe saa ya tukio lenyewe. "Imetolewa 16:30, imeandikwa 19:10." Mfumo ukiwa na sehemu ya kubadili saa, badili. Kama hauna, maneno hayo yatamwokoa anayesoma. Na chati ya karatasi isainiwe palepale kitandani, sindano ikiwa bado kwenye trei. Ukisema utasaini baadaye, baadaye ina mgonjwa wake.

Kuna mtego wa pili wa saa, na huu ni wetu sisi tunaohesabu siku kuanzia jua linapochomoza. Kompyuta inasema 10:00 ikimaanisha saa 4 asubuhi. Macho yaliyochoka yanasoma saa 10, dawa inatolewa jioni. Kibaya zaidi, kwenye dawa za kila saa 6 kosa hili linajificha. Ampisilini imepangwa 06:00, 12:00, 18:00 na 24:00. Ukiisoma 12:00 kuwa saa 12 jioni, unaangukia 18:00, ambayo nayo ni saa ya dozi. Chati inaonekana nzuri kabisa, na mgonjwa amekosa dozi moja. Kwenye dawa za kila saa 8 angalau mambo yanagongana na mtu anashtuka. Tunachopendekeza: kwenye maandishi tumia tarakimu nne za saa 24, siku zote, hata kwenye kipande cha plasta. Mdomoni sema Kiswahili, lakini usiseme "saa nane" ikaishia hapo. Sema saa nane mchana au saa nane usiku. Ndugu wa mgonjwa, yeye mwambie kwa Kiswahili tu. Ukimwandikia 14:00 kwenye karatasi atakuitikia vizuri na kwenda kumwuliza mlinzi.

Sasa makabidhiano yenyewe. Fika dakika 15 kabla. Usikabidhiwe ukiwa umekaa ofisini mnaangalia kioo. Tembeeni kitanda kwa kitanda, nesi anayetoka na anayeingia, daktari anayetoka na anayeingia, pamoja. Na msianzie kitanda namba 1 kwa sababu ni namba 1. Anzeni na wale watatu au wanne ambao wanaweza kubadilika kabla ya saa sita usiku. Ukianza kwa mpangilio wa vitanda, utatumia dakika kumi kwa kijana wa jipu anayesubiri ruhusa, na yule wa kitanda 19 anayehema kwa shida atasemwa wakati mtoaji taarifa ameshashika begi.

Makabidhiano mabaya yanasikika hivi: "Kitanda 4 ni eklampsia, yuko kwenye magnesi, mwangalie tu." Hayana uongo ndani yake. Hayana msaada pia. Yanayofaa ni haya:

"Kitanda 4, mimba ya kwanza, wiki 36, miaka 22. Degedege la kwanza nyumbani saa 7 mchana, la pili njiani. Presha alipofika 170/110, akapata haidralazini miligramu 5 kwenye mshipa taratibu, sasa ni 150/100. Magnesi ya kuanzia saa 10:30 jioni: gramu 4 kwenye mshipa, kisha gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako. Dozi ijayo gramu 5 saa 2:30 usiku, ni ya kwako. Kabla ya kuchoma hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na goti liruke ukiligonga. Mfuko wa mkojo nimeumwaga saa 12:30, kwa hiyo ukikuta tupu saa 2:30 usichome, mwite residenti (daktari anayesomea ubingwa). Kalsiamu glukonati gramu 1 iko kwenye trei ya juu, nimeigusa kwa mkono. Mtoto anatakiwa awe ametoka ndani ya saa 12 tangu degedege la kwanza, yaani kabla ya saa 7 usiku. Bingwa anajua."

Dakika moja na nusu, pengine mbili. Angalia kilichomo: kila tukio lina saa yake, lijalo lina mwenye nalo, na kuna "ikitokea hivi, fanya vile". Angalia pia maneno "nimeigusa kwa mkono". Dawa ya dharura, kama kalsiamu hiyo inayopindua magnesi ikizidi, iliyoandikwa kwenye mfumo kuwa ipo stoo si dawa iliyopo kwenye trei. (Viwango vya dozi vifuate mwongozo uliobandikwa wodini kwenu, vikitofautiana na ulivyofundishwa darasani, uliza siku hiyohiyo. Mfano, patografu ya zamani inaanza kuhesabu uchungu kamili mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita 4, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaanza kwenye 5. Wodi moja ikiwa na watu wa 4 na watu wa 5 bila kuambiana, mama mmoja atasemekana amechelewa kwa zamu moja na yuko sawa kwa nyingine.)

Anayepokea naye ana kazi. Arudie kwa sauti mambo mawili: dozi ijayo saa ngapi, na nini kitamfanya aite mkubwa. Asipoweza kurudia, hajapokea.

Majina. Usikabidhi kwa jina moja. Wodi ya wanaume yenye wagonjwa kutoka Makete inaweza kuwa na akina Sanga watatu, na ukiita Mwakalinga wanaitika wawili na ndugu mmoja aliyekuja kuona. Jina kamili, namba ya jalada, umri, kitanda. Kitanda peke yake hakitoshi kwa sababu wagonjwa huhamishwa karibu na dirisha na kurudishwa, hasa baridi ya Juni na Julai ikikaza.

Kisha vinavyosubiriwa, na hapa ndipo mfumo umeleta uvivu mpya. Zamani majibu ya maabara yalikuja na karatasi. Mtu aliyatembeza, aliyaweka mkononi mwako. Leo yanatokea kwenye kioo kimya kimya, na yanakaa hapo hadi mtu ayafungue. Sampuli iliyokataliwa nayo inaandikwa imekataliwa, basi, hakuna anayepiga simu. Kanuni ya kazi: kipimo ulichoomba ni chako mpaka umtajie mtu kwa jina kwamba sasa ni chake. Sema: "Potasiamu ya kitanda 11 ilikwenda saa 11 jioni, ifungue saa 2 usiku, ikizidi 6.5 anza matibabu na mwite residenti."

Na ili sampuli isikataliwe: chupa ya kifuniko cha zambarau, ambayo ni ya kupima chembe za damu na si potasiamu, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10 mara tu damu inapoingia. Ukiiacha imesimama inaganda. Ukiitikisa kama soda chembe zinapasuka. Na damu ya chupa ya potasiamu, chembe zake zikipasuka, inatoa namba kubwa ya uongo. Jina liandikwe kwenye chupa palepale kitandani, baada ya kuvuta damu. Chupa zilizoandikwa majina mapema mezani ndizo zinazobadilishana wenyewe.

Damu ya kuongezwa usiitoe benki ya damu saa 1 usiku kama mgonjwa anaweza kusubiri. Ikishatoka kwenye jokofu inatakiwa ianze ndani ya dakika 30 na iishe ndani ya saa 4, na dakika 15 za mwanzo zinataka mtu asimame hapo akiangalia joto, presha na ngozi. Ukiianza katikati ya makabidhiano, dakika hizo 15 hazina mtu. Anayevuja damu mbele yako, huyo hasubiri. Basi mmoja abaki naye na makabidhiano yafanyike mbele ya kitanda chake.

Dripu iwe na plasta pembeni ya chupa. Lita 1 kwa saa 8 ni mililita 125 kwa saa. Chora mistari minane, kila mmoja na saa yake. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita ni matone 42 kwa dakika. Kwa seti ya 15 ni 31. Angalia pakiti kabla ya kuitupa, kwa sababu stoo hubadilisha aina bila kukuuliza. Anayeingia zamu akitupa jicho kwenye plasta anajua dripu imekimbia au imelala, hana haja ya kufungua kompyuta.

Kunakili maelezo ya jana na kuyabandika leo ni jambo tunalolichukia waziwazi. Unakuta "anaendelea vizuri, endelea na matibabu" siku tano, ilhali siku ya tatu dawa ilibadilishwa na siku ya nne joto lilipanda. Andika mistari miwili ya kweli, inatosha. Nenosiri nalo usimwazime mwenzako hata kama foleni ni ndefu. Atakachoandika kitabaki kwa jina lako, na siku ya kikao cha vifo kitasomwa kwa jina lako.

Umeme ukikatika, jenereta huchukua dakika zake na mtandao huchukua zaidi. Wodi iliyojipanga ina boksi: fomu za vipimo, chati za dawa, patografu, karatasi za kaboni, kalamu nne, tochi. Kinachoandikwa kwenye karatasi kiingizwe kwenye mfumo ndani ya zamu hiyohiyo, na tumesharudia vya kutosha suala la saa ya tukio. Kinachoharibika zaidi hapa si kukatika bali kurudi: kila mtu anadhani mwenzake ameshaingiza. Teua mmoja, mtaje.

Kumpigia mkubwa usiku, anza na unachotaka. "Shikamoo Dokta, naomba uje leba sasa. Mama amejifungua saa 8:10 usiku, damu imefika kama lita 1, presha 80/50. Oksitosini uniti 10 amepata, kizazi tunakikanda, mishipa miwili imefunguliwa, traneksamiki gramu 1 inaingia." Saa ya kujifungua isikose, kwa kuwa traneksamiki, dawa ya kupunguza uvujaji wa damu, inatakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu hapo. Ukianza na historia ya mimba tatu zilizopita, aliyeamshwa atasinzia kabla hujafika kwenye damu. Na ni simu ya kupiga. Ujumbe wa WhatsApp si kuita. Picha na majina ya wagonjwa kwenye makundi ya WhatsApp vilevile uviache. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuna aibu.

Mbeya ina jambo lake moja. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hupokea rufaa za mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na huduma za wazazi ziko Meta, nje ya majengo makuu. Kila safari ya gari la wagonjwa ni makabidhiano mawili, la kutoka na la kufika, na dereva si mpokeaji. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; kichanga aliyetoka na nyuzi 36.8 akifungwa khanga moja anaweza kufika akiwa na 35. Kofia, soksi, kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Pima joto kabla ya mlango na baada ya mlango, andika yote mawili na saa zake.

Kabla hujatoka, simama mlangoni na ukung'ute mifuko ya koti. Utakuta karatasi ya maabara, namba ya simu ya ndugu aliyekwenda kutafuta mchangia damu, na mara nyingine chupa ya zambarau, bado ina joto, iliyotakiwa kufika maabara saa moja iliyopita.