Ndimu iache jikoni, mwanangu

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua senti kubwa ya shaba, ile sarafu ya kale ya Marekani, kwenye mauzo ya vitu vya mtumba hapa Columbus, Ohio. Mwaka unasomeka 1802, ila imekuwa nyeusi na ubavuni ina ukijani. Nataka niisugue kwa ndimu na chumvi ing'ae kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi. Unaonaje, na ni ya daraja gani?

JIBU: Marahaba. Nakuomba sana usiisugue! Weusi huo ni ngozi ambayo shaba imejijengea kwa zaidi ya miaka mia mbili. Ndimu ikishaibandua, inabaki sarafu yenye wekundu usio wake. Wakusanyaji huutambua mara moja, na bei huporomoka. Kama ina mafuta ya mikono, iloweke kwenye asetoni tupu, penye hewa na mbali na moto, kisha iache ikauke bila kuifuta.

Sasa ipime. Senti za miaka hiyo zilitakiwa ziwe na gramu 10.89, ingawa iliyochakaa hupungua kidogo. Mwaka 1802 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilitoa senti zaidi ya milioni tatu, kwa hiyo tarehe peke yake haikupi utajiri. Igeuze nyuma, chukua lensi, tazama chini ya fundo la shada la majani. Panatakiwa pawe na 1/100, yaani sehemu moja ya mia ya dola. Ukikuta 1/000, hapo mchongaji alikosea, na wakusanyaji wanaitafuta hiyo. Tazama pia kama vikonyo vya shada vipo, maana kuna za 1802 zisizo navyo kabisa.

Daraja, yaani kiwango cha uzima wa sarafu, hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 70 alichokitangaza William Sheldon, mtaalamu wa senti hizi, mwaka 1949. Soma nywele za yule bibi aliye upande wa mbele wa sarafu. Kichwa kikiwa kivuli tu, lakini tarehe na neno LIBERTY vinasomeka, ni 4. Sehemu ya nywele ikionekana, ni kama 12. Misokoto mingi ikijitenga, 20. Halafu unapunguza namba kwa ajili ya madhara: mikwaruzo, vishimo, ukijani. Yenye nywele za 20 na uso uliolika yaweza kuishia 8. Mimi naipenda zaidi iliyochakaa ikabaki laini kuliko yenye nywele kali na uso wa vishimo.

Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko laini wa plastiki, na unitumie picha ya pande zote mbili. Hiyo sehemu ya chini ya fundo ipige kwa karibu.